Je, Wajua? Mshahara Mzuri Unavyomfikia Mteja

Sogea hapa kwenye benchi, msomaji, kuna nafasi! Leo nina mambo ya kushangaza kuhusu mshahara: ukipandishwa nini hutokea, na ukibanwa nani huumia. Ukimaliza kusoma, kesho hutamtazama keshia wa dukani kwa macho yale yale. Haya, twende!

Tangu enzi za Farao

Je, wajua kwamba mgomo wa kale kuliko yote iliyoandikwa ulitokea Misri zaidi ya miaka 3,100 iliyopita? Mafundi waliochonga makaburi ya wafalme enzi za Ramses III walicheleweshewa ujira wao wa nafaka. Wakaweka zana chini, wakaenda kuketi kwenye mahekalu. Habari zao ziko kwenye karatasi ya mafunjo iliyohifadhiwa mpaka leo mjini Turin, Italia!

Je, wajua kwamba Adam Smith, yule baba wa elimu ya uchumi, aliuzungumzia mshahara mwaka 1776? Aliandika kwamba penye ujira mkubwa utawakuta wafanyakazi wepesi na wachapakazi kuliko penye ujira mdogo. Miaka kama 250 imepita, na utafiti juu ya maneno yale bado unaendelea!

Na huyu je? Robert Owen alikuwa na viwanda vya nyuzi za pamba katika kijiji cha New Lanark, Uskoti. Mwanzoni mwa karne ya 19 pamba ya Marekani ikakatika, mashine zikasimama miezi minne, naye akaendelea kuwalipa watu wake mshahara kamili, zaidi ya pauni 7,000! Kijiji kile, kilichokuja kusifika Ulaya nzima, leo ni Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Dola 5 za Henry Ford

Shika hii! Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Henry Ford kilihitaji wafanyakazi kama 14,000 tu. Lakini ili kuwapata hao, kililazimika kuajiri watu zaidi ya 52,000 ndani ya mwaka mmoja. Walikuwa wakiingia asubuhi, wakiona kazi yenyewe, wanaondoka zao!

Basi tarehe 5 Januari 1914 Ford akatangaza dola 5 kwa siku ya saa 8. Kabla ya hapo watu walipata kama dola 2.34 kwa saa 9. Umati wa maelfu ukafurika getini katikati ya baridi kali, hadi ukatawanywa kwa maji ya bomba la zimamoto!

Unataka kujua matokeo? Kiwango cha watu kuacha kazi kilikuwa asilimia 370 mwaka 1913. Kufika 1915 kilikuwa asilimia 16. Soma tena tarakimu hizo, taratibu!

Na faida je, iliteketea? Wapi! Kati ya 1914 na 1916 faida ya kampuni iliongezeka maradufu, kutoka dola milioni 30 hadi milioni 60. Ford mwenyewe baadaye aliandika kwamba zile dola 5 zilikuwa mojawapo ya njia bora kabisa alizowahi kutumia kupunguza gharama.

Gari lake nalo? Model T ya kwanza ya mwaka 1908 iliuzwa kama dola 850. Katikati ya miaka ya 1920 bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 300! Mshahara umepanda, bei imeshuka, na mtambo wa kuunganishia magari kwa mstari ulikuwa na mkono wake hapo.

Lakini hujasikia hili: karibu nusu ya zile dola 5 ilikuwa mgawo wa faida, na ulikuwa na masharti. Kampuni ilituma wakaguzi majumbani kutazama mfanyakazi anaishije, kama nyumba ni safi na kama fedha anaziweka akiba au anazinywa. Hebu fikiria bosi wako anakagua jikoni kwako!

Yaya aliyezaa nadharia

Je, wajua kwamba wanauchumi wawili wakubwa wa Marekani walijifunza somo hili kwa kutafuta yaya? Janet Yellen na mumewe George Akerlof walipopata mtoto mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliamua kumlipa yaya zaidi ya bei ya soko. Walijiambia: yaya mwenye furaha atamlea mtoto wetu vizuri zaidi. Wazo hilo likaingia katika utafiti wao!

Na waliishia wapi hao wawili? Akerlof alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Yellen akawa mwanamke wa kwanza kuongoza benki kuu ya Marekani mwaka 2014, na mwaka 2021 mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha wa nchi hiyo. Yaya huyo aliwafunza watu!

Tuingie madukani

Unaijua Trader Joe's, maduka ya vyakula ya Marekani? Mwanzilishi wake, Joe Coulombe, aliweka kanuni ya ajabu miaka ya 1960: mfanyakazi wa kudumu wa dukani apate kipato sawa na cha familia ya kawaida ya California. Si mameneja ninaowasema, ni watu wa kupanga rafu na kupokea fedha!

Je, wajua kwamba Costco, duka kubwa la jumla la Marekani, huuza soseji ndani ya mkate pamoja na soda kwa dola 1.50, bei ile ile tangu katikati ya miaka ya 1980? Na kampuni hiyo hiyo inajulikana kwa kulipa vizuri kuliko washindani wake. Mwaka 2021 iliweka kima cha chini cha dola 17 kwa saa, wakati kima cha kisheria cha taifa kilikuwa dola 7.25!

Fedha zinatoka wapi? Duka lina aina kama 4,000 tu za bidhaa, ilhali supamaketi nyingi za Marekani hubeba makumi ya maelfu. Wafanyakazi waliokwisha kukaa zaidi ya mwaka hawaondoki ovyo: zaidi ya asilimia 90 hubaki. Wateja nao ni hivyo hivyo. Zaidi ya asilimia 90 ya wanachama wa Marekani na Kanada hulipia uanachama upya!

Ukienda Hispania, uliza Mercadona. Katika mnyororo huu wa supamaketi, mteja haitwi mteja, anaitwa Bosi! Na wafanyakazi hupewa ajira ya kudumu, mafunzo ya wiki kadhaa, na mgawo wa faida kampuni ikifanya vizuri.

Mdororo wa uchumi wa 2008 ulipoipiga Hispania, Mercadona haikumfukuza mtu. Iliwauliza wafanyakazi: tupunguze nini? Wao ndio waliojua kipi kinakaa rafuni bila kununuliwa na kifungashio gani ni cha fahari tu. Mamia ya bidhaa yakaondolewa na bei zikashuka!

Na sasa kaa vizuri, tunafika Walmart, mwajiri binafsi mkubwa kuliko wote duniani. Mwanzoni mwa 2015 ni asilimia 16 tu ya maduka yake ya Marekani yaliyofikia lengo la kuwaridhisha wateja. Mwaka huo ikapandisha mshahara wa watu kama 500,000 na kufungua vituo vya mafunzo. Mwaka 2016 maduka yaliyofikia lengo yalikuwa asilimia 75!

Lakini wenye hisa walifurahi? Hata kidogo! Oktoba 2015 kampuni ilipotangaza kwamba faida itapungua, mishahara ikiwa sababu mojawapo, hisa zake zilianguka kwa asilimia 10 ndani ya siku moja. Waliovumilia waliona maduka yakisafishika na mauzo yakipanda.

Umewahi kuambiwa "hiyo imeisha" kumbe bidhaa iko stoo? Watafiti wa Marekani walipekua kumbukumbu karibu 370,000 za mali katika maduka 37 ya kampuni moja. Asilimia 65 zilikuwa na makosa! Zeynep Ton, mmoja wa watafiti hao, leo hufundisha kwamba wafanyakazi wachache, wasiofunzwa na wanaolipwa kidogo hulifanya duka lipoteze mauzo bila kujua.

Gharama ya "kwaheri"

Je, wajua mfanyakazi mmoja akiondoka unapoteza kiasi gani? Uchambuzi wa tafiti nyingi za Marekani uliotolewa mwaka 2012 ulikuta kwamba kumpata na kumfunza mwingine hugharimu karibu sehemu moja ya tano ya mshahara wake wa mwaka. Hata kwenye kazi za kipato cha chini ni kama asilimia 16!

Uwanja wa ndege wa San Francisco unalijua hilo. Kuanzia mwaka 2000 wakaguzi wa abiria na mizigo walipandishwa kutoka dola 6.45 hadi dola 10 kwa saa. Kiwango cha kuacha kazi kikatoka asilimia 94.7 hadi 18.7 katika miezi 15! Yule anayetazama begi lako kwenye mashine alikuwa hatimaye mtu mwenye uzoefu.

Hii itakuchekesha, lakini ni kweli: kampuni ya viatu ya Zappos iliwapa waajiriwa wapya fedha ili waache kazi! Baada ya wiki chache za mafunzo, asiyeipenda kazi alipewa hadi dola 2,000 aende zake. Wachache sana walizichukua, na waliobaki ni wale walioitaka kazi yenyewe.

Na dukani kwa baga je? Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi 5.05. Wachumi David Card na Alan Krueger walifuatilia migahawa 410 huko na katika jimbo jirani la Pennsylvania, wasione ajira zikipungua kama wengi walivyotabiri. Card alipata Nobel mwaka 2021!

Afya na maisha

Jiweke sawa kwenye kiti, hili ni zito. Mchumi Krista Ruffini alichunguza nyumba za kutunzia wazee Marekani pale kima cha chini cha mshahara kilipopanda. Vidonda vya kulalia vilipungua, makosa ya ukaguzi yalipungua, na wazee waliofariki walipungua!

Uingereza nako watafiti walikuta jambo la kushtua. Mishahara ya manesi hupangwa kitaifa, karibu sawa kila mahali. Pale ambapo kazi nyingine za mtaani zililipa vizuri zaidi, hospitali zilikosa manesi wa kudumu, na wagonjwa wengi zaidi wa mshtuko wa moyo walikufa!

Njoo sasa nyumbani, Rwanda. Kati ya 2006 na 2008 baadhi ya vituo vya afya vilipewa fedha kulingana na kazi vilizofanya, na asilimia 77 ya fedha hizo ikaenda kwa watumishi. Malipo yao yakapanda kwa asilimia 38, na akina mama waliojifungulia kituoni wakaongezeka kwa asilimia 23! Kumbuka, vituo vya kulinganishia vilipata kiasi kile kile cha fedha, ila bila masharti.

Na Tanzania je? Mwaka 2013 na 2014, mpango wa KiuFunza wa shirika la Twaweza uliendeshwa katika shule za msingi 350. Shule nyingine zilipata ruzuku, nyingine walimu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo, nyingine vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua matokeo, lakini ruzuku na bonasi vilipoungana, watoto walijifunza zaidi, tena kwa wazi!

Barabarani

Wewe wa daladala na matatu, hili ni lako! Huko Santiago, Chile, madereva wengine walilipwa kwa kila abiria, wengine mshahara wa kudumu. Waliolipwa kwa kichwa walipata ajali zaidi kwa asilimia 67 kwa kila kilomita! Ndiyo, abiria wa basi la mshahara walisubiri kama asilimia 10 zaidi, lakini walifika.

Na malori? Mwaka 1997 kampuni ya Marekani ya J.B. Hunt iliwapandishia madereva malipo kwa zaidi ya theluthi moja na kuanza kutafuta wenye uzoefu. Watafiti walipofuatilia wakakuta ajali zimepungua. Ukikutana na lori usiku, omba dereva wake awe amelipwa vizuri!

Moyo wa mfanyakazi

Huko Odisha, India, watafiti waliwaajiri watu kutengeneza sahani za majani. Wengine walilipwa sehemu ya ujira mapema, bila kuongezewa hata rupia moja. Walioshika fedha mapema walitengeneza sahani nyingi zaidi kwa kama asilimia 7, tena kwa makosa machache! Akili iliyotua deni hufanya kazi vizuri.

Huko huko Odisha walijaribu jambo jingine: watu watatu wa kundi moja, kazi moja, ujira tofauti. Waliolipwa pungufu kuliko wenzao walipunguza kazi kwa asilimia 22, na mahudhurio yakaporomoka. Lakini pale walipoweza kuona wazi kwamba mwenzao anazalisha zaidi, hasira haikuwapo. Watu hawachukii tofauti, wanachukia uonevu!

Ujerumani nako wanafunzi waliajiriwa kuorodhesha vitabu vya maktaba wakitarajia euro 15 kwa saa. Walioambiwa watapata 10 walipunguza kazi kwa zaidi ya asilimia 20. Walioongezewa hadi 20 hawakuongeza kitu! Umeona? Kupunguza kunauma kuliko nyongeza ya ghafla inavyopendeza.

Marekani walipata jibu linalofanana. Wafanyakazi wa muda wa maktaba waliahidiwa dola 12 kwa saa, kisha wakapewa 20 bila kutarajia. Walichapa kazi kweli kweli kwa dakika 90 za mwanzo, halafu kasi ikarudi kuwa ya kawaida. Nyongeza ya kushtukiza pekee haitoshi, ndugu yangu, lazima iwe sehemu ya mpango!

Kenya ina hili: katika kampuni moja ya maua, mmoja aligawa maua na wawili walifunga mashada. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, wagawaji walizidi kuwapunguzia maua wenzao wa kabila jingine, hata pale ambapo wao wenyewe walipoteza ujira. Uongozi ukaanza kuwalipa wale wafungaji wawili kwa jumla ya kazi yao ya pamoja, na mashada yakaongezeka!

Pale fedha peke yake iliposhindwa

Usidhani ni uchawi. Mwaka 2010 Ghana iliwaongezea polisi mishahara maradufu ili waache rushwa barabarani. Watafiti wakafuatilia safari 2,100 za malori na nafasi zaidi ya 45,000 ambapo rushwa ingeweza kudaiwa. Rushwa haikupungua, iliongezeka!

Indonesia nayo iliwaongezea walimu wenye cheti mshahara maradufu. Utafiti katika shule 360 ulikuta walimu wamefurahi zaidi na dhiki zao za fedha zimepungua, lakini matokeo ya wanafunzi hayakubadilika. Usimamizi, mafunzo na vifaa vilipaswa kwenda sambamba na fedha!

Pale mshahara ulipobanwa

Je, wajua Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma na bandari ikasimama karibu wiki mbili? Miaka saba baadaye, mwaka 1954, Kamati ya Carpenter iliishauri serikali ya kikoloni ya Kenya kitu kipya: mshahara umtosheleze mtu na familia yake, si kapera peke yake. Hoja yao ilikuwa kwamba mfanyakazi aliyetulia na familia hufanya kazi bora. Mkono mtupu haulambwi!

Na hii ya mwisho ni nzito kuliko zote. Kati ya 1994 na 1996 kiwanda cha matairi cha Firestone huko Decatur, Illinois, kilikuwa na ugomvi mkubwa: kampuni ilitaka zamu za saa 12 na malipo ya waajiriwa wapya yapunguzwe kwa asilimia 30. Krueger na mwenzake Alexandre Mas waligundua kwamba matairi mabovu yalikuwa mengi zaidi katika yale yaliyotengenezwa kipindi cha ugomvi ule. Mwaka 2000 kampuni ilitangaza kuyaita yarudishwe matairi milioni 14.4, na vifo zaidi ya 200 Marekani vilihusishwa nayo!

Umeona uzi unaoyafunga yote haya, msomaji? Mshahara mzuri hufanya kazi pale unapoungana na mafunzo, vifaa, haki na kumsikiliza mfanyakazi, na hapo mteja ndiye wa kwanza kuonja tofauti. Wewe mwenye duka, hoteli, zahanati au gari la abiria, chukua kalamu sasa hivi: andika ni wangapi walioacha kazi kwako mwaka huu, zidisha na sehemu moja ya tano ya mshahara wa mwaka wa kila mmoja. Hiyo ndiyo fedha ambayo tayari unailipa. Walipe waliobaki!